Kupima kabla ya kununua: solenoidi za VVT-i kwenye Premio

Baadhi ya spea za gari hununuliwa kwa sababu zimekufa, na nyingine hununuliwa kwa sababu jina lake limetajwa na mashine ya kupimia. Solenoidi za VVT-i, vile vifaa vidogo vinavyochomekwa juu ya injini za Toyota ili kuelekeza oili kwenye gia za kamshafti (shafti zinazofungua vali za injini), mara nyingi huangukia kundi la pili. Nimebadilisha zote mbili kwenye Premio yangu hapa Moshi, na kazi ya kuzitoa na kufunga mpya haikumaliza hata asubuhi moja. Kilichochukua muda ni kujiridhisha kwamba zilistahili kutolewa. Kwa kuwa wengi wanaoendesha Premio, Allion, Wish na RAV4 za umri huo hukutana na jambo hili, nitaeleza upimaji kwa kirefu, na habari ya spana nitaipitia kwa kadiri inavyohitajika.

Gari ni la mwaka 2008, lenye injini ya 2ZR-FE ya lita 1.8. Injini hii ina mfumo wa Dual VVT-i, yaani kamshafti ya vali za kuingiza hewa na ile ya vali za kutoa moshi zote zinaweza kusogezwa majira yake wakati injini inazunguka. Vitz na IST zenye injini ya 1NZ-FE zina solenoidi moja tu, upande wa hewa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo anaweza kusoma maelezo haya kwa nusu.

Dalili zilikuja polepole. Injini ikishapata moto, sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa ikitetemeka nikisubiri zamu yangu kwenye kipilefti cha YMCA, na mara mojamoja injini ilizima kabisa. Tena, barabara ya kupanda kutoka Himo kwenda Marangu, ambayo gari lilikuwa likiimudu bila manung'uniko, ilianza kudai kanyagio zaidi huku mshale wa mafuta ukishuka kuliko kawaida. Huku kwetu mlima hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Ni kweli kwamba Moshi mjini iko chini kidogo ya mita 1,000 na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, na kwamba hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini isiyo na tabo. Lakini upungufu huo ni wa asilimia 10 hivi, na ulikuwepo tangu siku ya kwanza nilipolipandisha gari hilo. Mlima haukuwa umeongezeka urefu.

Ili dalili hizo ziwe na maana, ni lazima kwanza kujua kinachofanyika ndani. Kamshafti huzungushwa na cheni inayotoka kwenye krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na katika injini za zamani uhusiano wa hizo mbili haukubadilika kamwe: vali zilifunguka na kufungwa mahali palepale, iwe injini imetulia kwenye foleni au inahangaika mlimani. Toyota ilianza kutumia VVT-i mwaka 1995 kwenye injini ya 2JZ-GE ya Crown, na mwaka 1998 ikaongeza upande wa moshi kwenye 3S-GE ya Altezza. Katika mfumo huu gia ya cheni haishikani moja kwa moja na kamshafti. Ndani ya gia kuna rota yenye mabawa, na kila bawa linakigawa chumba chake pande mbili. Oili ikisukumwa upande mmoja, rota husogea mbele na vali hufunguka mapema, na ikisukumwa upande wa pili, rota hurudi nyuma na vali huchelewa. Solenoidi ndiyo mlango wa oili hiyo. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, husoma sensa ya krankshafti, sensa za kamshafti, kiasi cha hewa, kanyagio na joto la maji, kisha huipelekea solenoidi umeme wa mapigo ya haraka, na kadiri pigo linavyodumu ndivyo kijiti cha chuma kilichomo ndani yake kinavyosogea na kufungua njia moja au nyingine.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni mahali ambapo kila kamshafti hupumzika. Solenoidi isipopata umeme wowote, kamshafti ya hewa hukaa kwenye hali ya kuchelewa kabisa, na kamshafti ya moshi hukaa kwenye hali ya kuwahi kabisa, tena gia ya upande wa moshi ina springi ya kuisaidia kurudi huko. Katika hali hizo mbili vali za hewa na za moshi hazifunguki pamoja kwa muda mrefu, na hiyo ndiyo hali inayofaa sailensi. Injini ikianza kubeba mzigo kwenye mizunguko ya chini na ya kati, kamshafti ya hewa huwahishwa ili vali zifunge mapema na silinda ibaki na hewa ya kutosha, na hapo ndipo nguvu ya kupandia mlima inapopatikana.

Kutokana na hayo mtu anaweza kufikiri kabla hata ya kufungua boneti. Solenoidi ya hewa iliyokatika waya wa ndani ingeiacha kamshafti mahali pake pa kupumzika: gari lingekosa nguvu mlimani, lakini sailensi ingekuwa tulivu. Solenoidi iliyokwama upande wa kuwahisha ingesababisha kinyume chake, kwa maana moshi ungerudi kwenye njia ya hewa wakati wa sailensi na injini ingetetemeka au kuzima. Gari langu lilikuwa na shida zote mbili kwa pamoja, na shida ya sailensi ilijitokeza zaidi injini ikiwa imepata moto. Hiyo ni tabia ya kijiti kinachosogea kwa kusuasua, kinachochelewa kwenda na kuchelewa kurudi. Nilikwenda gereji nikiwa na dhana hiyo.

Kijana anayenifanyia kazi za gari huko Pasua alichomeka mashine yake, na namba ya hitilafu iliyotoka ilikuwa P0011.

"Mwalimu, hii solenoidi ya VVT imekufa," aliniambia. "Tununue tu nyingine."

"Imekufa umeme, fundi, au imekwama?"

"Si ni yaleyale, mwalimu? Yote ni kubadilisha."

Hayakuwa yaleyale, na namba yenyewe ilishaeleza hivyo. P0010 huhusu njia ya umeme ya solenoidi ya hewa, na P0013 huhusu ile ya moshi: waya uliokatika, soketi iliyolegea, au koili iliyoungua. P0011 husema kwamba umeme unapelekwa lakini kamshafti ya hewa imewahi kupita inavyoagizwa, na P0012 husema imechelewa. Kwa upande wa moshi namba hizo ni P0014 na P0015. Zikitokea P0016 au P0017, kontrol boksi inalalamika kwamba krankshafti na kamshafti hazikubaliani, na hapo cheni iliyolegea huwa mshukiwa kabla ya solenoidi yoyote. P0011 inaweza kuletwa na solenoidi, lakini pia inaweza kuletwa na oili pungufu, oili nzito, uchafu kwenye vijia vya oili, gia ya kamshafti iliyochoka, au cheni. Mashine ilitaja mahali pa kuanzia kutafuta.

Siwalaumu mafundi wetu kwa kukimbilia kubadilisha. Wengi wao, na zaidi wale waliojifunza kazi Arusha, wamekulia kwenye Land Cruiser za kubebea watalii zenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo haina VVT-i wala kitu cha kufanana nayo. Fundi anayeweza kurudisha injini hiyo barabarani katikati ya mbuga akiwa na boksi moja la spana hana sababu ya kudharauliwa kwa kuwa hajazoea kupima omu, yaani ukinzani wa umeme.

Tulianza na oili, kwa sababu ni bure kuitazama. Kijiti cha kupimia kilionyesha kiwango cha chini kuliko alama ya chini, na oili yenyewe ilikuwa nyeusi na nzito. Aliyeniuzia gari alikuwa akitumia 20W-50, oili inayopendwa sana huku kwa imani kwamba uzito wake hulinda injini ya zamani. Kwa injini ya 2ZR-FE Toyota ilikusudia oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30, na sababu moja ni vijia hivi vyembamba vya VVT-i, ambamo oili inatakiwa kupita haraka kila kontrol boksi inapotoa amri. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlimani, 20W-50 huchelewa kufika juu ya injini, na ikikaa muda mrefu bila kumwagwa huacha utando wa kahawia unaong'ang'ania kwenye kila chuma inachokigusa.

Tukamwaga oili, tukaweka filta mpya na 5W-30. Injini hii huchukua lita 4.2 pamoja na filta. Fundi alipendekeza dawa ya kusafisha injini kwa ndani kabla ya kumwaga, nami nilikataa. Dawa hizo hubandua uchafu mwingi kwa mara moja, na uchafu uliobanduka lazima uende mahali fulani. Kwenye injini iliyolishwa oili mbaya kwa miaka, mahali hapo panaweza kuwa chujio la pampu ya oili au solenoidi yenyewe. Ni afadhali oili nzuri isafishe taratibu na kumwagwa mapema.

Kwa magari fulani kazi ingeishia hapo. Kwangu sailensi ilipata nafuu kidogo, lakini P0011 ilirudi baada ya kufutwa, kwa hiyo tukaingia kwenye vipimo vyenyewe. Cha kwanza ni cha multimita. Unachomoa soketi ya solenoidi na kupima omu kati ya pini zake mbili. Kwa solenoidi hizi za Toyota kipimo sahihi ni kati ya omu 6.9 na 7.9 chuma kikiwa na joto la nyuzi 20. Ikumbukwe kwamba kivuli cha Moshi mchana si nyuzi 20, na waya wa shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzi 10, kwa hiyo omu 8.1 katika nyuzi 30 si ugonjwa. Solenoidi zote mbili zilitoa namba nzuri. Koili zilikuwa hai, kama nilivyodhani.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi, kwa sababu hakihitaji mashine ya gharama. Injini ikiwa na moto na ikizunguka kwenye sailensi, unachomoa soketi ya solenoidi ya hewa, kisha unaipa solenoidi umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili zenye fyuzi, kwa kugusa tu na kuachia. Umeme kamili huiamrisha kamshafti iwahi kabisa, na injini nzima inatakiwa kutetemeka vibaya au kuzima papo hapo. Ukiachia umeme, inatakiwa kutulia. Yangu haikutetemeka mara tu nilipogusa. Ilikaa kidogo, ikaanza kukohoa, na nilipoachia iliendelea kukohoa kwa muda kabla ya kurudi kwenye hali yake. Mashine kubwa za gereji hufanya jaribio hilohilo kwa kubonyeza kitufe.

Kuchelewa huko kungeweza pia kusababishwa na gia ya kamshafti, kwa hiyo tuliitoa solenoidi ili tuitazame ikiwa mkononi. Kwenye mwili wake palikuwa na utando ule wa kahawia, na kijiti cha ndani kilipopewa umeme kilitembea nusu ya njia kisha kikasimama. Tuliisafisha kwa dawa ya kusafishia breki, tukaiacha ikauke kabisa kabla ya kuipa umeme tena, kwa maana mvuke wa dawa hiyo na cheche za betri havipatani. Baada ya kuoshwa kijiti kilifika mwisho, lakini kurudi kulikuwa bado kwa kusitasita, na ukikigeuza kidogo ulihisi mkwaruzo. Chuma kilikuwa kimekwaruzika, na kuosha hakurudishi chuma kilichotoka. Hapo ndipo niliporidhika kwamba solenoidi ya hewa inanunuliwa.

Ile ya moshi ilikuwa na kesi tofauti. Ilisogea vizuri kwenda na kurudi, na hakukuwa na namba yoyote ya hitilafu dhidi yake. Hata hivyo, nilipochomoa soketi yake nilikuta oili ndani, kati ya pini. Oili hiyo ilikuwa imepenya kutoka kwenye injini kupitia mwili wa solenoidi, na isipozuiwa husafiri ndani ya waya na kuharibu soketi, na wakati mwingine hufika mbali zaidi. Kama soketi ingekuwa kavu, ningeiacha solenoidi hiyo mahali pake. Sioni mantiki ya kubadilisha kifaa kizima kwa sababu tu mwenzake ameharibika.

Kwenye duka la spea nilipewa chaguo tatu: jenuini katika boksi la Toyota, ya kuiga isiyo na jina la maana, na ya mtumba iliyotolewa kwenye injini kutoka Japani. Jenuini ilikuwa ghali kuliko hiyo ya kuiga mara kadhaa. Ya mtumba haistahili kudharauliwa moja kwa moja, lakini haina historia, na inaweza kuwa imeoga oili mbaya kama yangu. Anayeichagua aende dukani na multimita na betri ndogo, aipime palepale kaunta, kwenda na kurudi, kabla ya kutoa hela. Nilichukua jenuini kwa upande wa hewa, ambako kazi ni nzito zaidi, na mtumba uliofaulu vipimo vyote kwa upande wa moshi. Muuzaji hakufurahi sana kuona nyaya zangu kwenye kaunta yake, ila baadaye aliniuliza kipimo kinachofaa ni omu ngapi, akakiandika. Agiza kwa namba ya chesisi na useme wazi kama ni ya hewa au ya moshi, wala usikubali kwamba zinafanana kwa sababu zinafanana kwa macho.

Kuzifunga ni kazi ya spana namba 10, racheti yenye kirefusho, bisibisi bapa na kitambaa safi. Injini iwe imepoa, kwa sababu solenoidi ya moshi iko upande wa nyuma, karibu na mabomba ya moto, wakati ile ya hewa iko mbele na inafikika bila shida. Zote mbili ziko upande wa cheni, yaani upande wa dereva kwa magari yetu. Toa kava ya plastiki, chomoa waya wa hasi wa betri, pangusa vumbi lote kuzunguka solenoidi kabla ya kugusa bolti, kwa kuwa tundu linalobaki wazi linakwenda moja kwa moja kwenye njia za oili. Weka alama kwenye soketi. Kila solenoidi inashikiliwa na bolti moja. Ikishatoka, izungushe solenoidi kushoto na kulia hadi oringi (mpira wa kuzibia oili) iachie, kisha ivute kwa mwili wake wa chuma. Anayevuta kwa kichwa cha plastiki atabaki nacho mkononi. Kagua kama oringi ya zamani imetoka pamoja nayo au imebaki tunduni, maana ukifunga mpya juu ya oringi ya zamani oili itavuja siku hiyohiyo.

Oringi mpya ipakwe oili safi, solenoidi isukumwe kwa mkono mpaka ikae sawasawa, na bolti ianzwe kwa vidole. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya aluminiamu na bolti yenyewe ni ndogo. Inahitaji nguvu ya Nyutonimita 10 hivi, ambayo kwa mtu asiye na spana ya kupimia nguvu ni kukaza kwa kifundo cha mkono, bila kuegemea racheti. Kwenye soketi ya moshi tulipuliza dawa ya kusafishia umeme hadi ikatoka kavu. Wenye injini za 1ZZ-FE au 2AZ-FE wakumbuke pia kichujio kidogo cha wavu kilichojificha nyuma ya bolti kwenye hedi. Solenoidi mpya nyuma ya kichujio kilichoziba haitafanya kazi vizuri kuliko ile ya zamani.

Baada ya kurudisha betri tulifuta namba za hitilafu na kuwasha. Hakuna programu ya kuingiza. Kontrol boksi hujizoesha yenyewe. Tulirudia jaribio la betri upande wa hewa, na safari hii injini ilizima mara tu waya ulipogusa. Kisha tulipanda Marangu, fundi akiwa na mashine mkononi akisoma nyuzi za pembe ya kamshafti wakati mimi naendesha, na namba iliyoagizwa na namba iliyopatikana zilikwenda pamoja hata kwenye kona za juu. Tuliporudi tulitazama chini ya soketi zote mbili kwa tochi, zikiwa kavu.

Kinachobaki ni uchafu ambao bado umo ndani. Oili hii mpya itamwagwa ikifika kilomita 3,000 badala ya kusubiri zaidi, na filta yake tutaipasua tuikague. Masizi meusi nayatarajia. Vikipatikana vipande vinavyong'aa, itabidi tufungue kava na kuitazama cheni.